Pumzi Niliyoigawa

Mwezi uliopita nilipita barabara ya kwenda Kaptagat. Sikuwa na safari yangu, nilimsindikiza tu mwenzangu wa kazini aliyetaka kuangalia ploti. Ploti yenyewe, rafiki yangu, ilikuwa ndani ya lile shamba nililolelewa. Sikumwambia. Palipokuwa na stoo ya mahindi sasa pana nyumba za kupangisha, ghorofa tatu, nguo zimeanikwa kila roshani. Ng'ambo ya barabara trekta lilikuwa likiendesha mashine ya kupura mahindi, na vumbi la makapi likaja upande wetu. Kifua kikabana kabla sijafunika pua. Nikasogea mbali na vumbi, nikatoa inhela yangu ya bluu, nikaitikisa, nikatoa pumzi yote, nikabonyeza huku nikivuta polepole, kisha nikashika pumzi nikihesabu hadi kumi. Nikangoja dakika moja, nikarudia. Mwenzangu alinitazama kama mtu aliyeitwa kushuhudia kifo. Mimi nilikuwa natabasamu, maana vumbi lile lilikuwa limenirudisha darasa la sita bila kuniomba ruhusa.

Nyanya yangu alifika huku akiwa msichana, kutoka magharibi, amemfuata mume aliyekuwa kibarua kwenye mashamba makubwa. Mume akafariki, akamwachia ekari mbili na nyumba ya mabati. Mama yangu alikuwa karani mji wa mbali, kwa hiyo mimi nilibaki kwa nyanya. Asubuhi zetu zilikuwa za baridi ya kuuma vidole. Uji wa wimbi niliunywea barazani, nimejifunga shuka, kwa sababu moshi wa kuni ulikuwa haunipendi. Jioni ilikuwa ugali na mrenda, na mara mojamoja jirani alituletea mursik kwenye kibuyu, maziwa yenye harufu ya mkaa ambayo nyanya alidai hayapendi, halafu unakuta kibuyu kimeisha na mimi nimekunywa kikombe kimoja tu.

Sasa, kuugua pumu ni taabu popote, lakini kuugua pumu kwetu ni kama dharau. Kila mtoto alikimbia. Walikimbia kwenda shule, wakakimbia kurudi kula, wakakimbia kwenda tena. Waliotutangulia walikuwa wameshinda mbio na kujenga nyumba za mawe, na kila mzazi aliangalia miguu ya mwanawe kwa matumaini. Mimi nilifika wa mwisho nikikoroma kifuani, na wenzangu wakanibatiza jina la Mzee. Wakati wa mazoezi mwalimu alinipa kazi ya kushika masweta. Niliyashika vizuri, siwezi kujisifu kwa lingine.

Inhela aliniletea mama kutoka hospitali. Nyanya alinishonea kifuko cha kitambaa cha kuning'iniza shingoni, ndani ya sare, ili isipotee. Siku moja kifua kilinibana shuleni, nikavuta mara mbili, na baada ya muda mfupi nikasimama nikaendelea kama kawaida. Aliyeniona ni msichana mwepesi kuliko wote darasani kwetu, yule tuliyejua atachaguliwa mbio za nyika. Akaja kukaa karibu nami.

"Hiyo kitu imekufufua hivyo tu?"

"Inafungua pumzi," nikamwambia, nikijiona daktari.

Akafikiria kidogo. "Sasa kama inakupea wewe pumzi, na huna, mimi mwenye niko nayo itanifanyia nini?"

Hesabu yake ilitushinda sote wawili kuikosoa. Nikampa avute. Akaniambia mikono inamtetemeka na moyo unampiga mbio, na tukakubaliana kwamba hiyo ndiyo nguvu inayoingia. Jioni hiyo aliwaacha wenzake mbali sana mazoezini. Alikuwa akiwaacha kila siku, lakini nani alikumbuka? Kufikia wiki iliyofuata nilikuwa na foleni nyuma ya ghala la shule, wasichana tisa, kila mmoja ananyoosha shingo kama kifaranga. Hakuna aliyeniita Mzee tena. Niliitwa kwa jina langu, nikawekewa nafasi kwenye benchi la mbele, nikagawiwa mandazi. Nitasema ukweli: sijawahi kupendwa vile tangu siku hizo, na nilikuwa tayari kuwapa hata kifuko chenyewe.

Kisha ikaja Jumamosi ya kupura mahindi. Siku hizo hatukuwa na mashine. Mahindi yaliyokauka yalijazwa kwenye magunia, magunia yakafungwa mdomo, na watu wakayapiga kwa fimbo nzito mpaka punje ziachane na magunzi. Leo unasaidiwa, kesho unasaidia. Malipo yalikuwa chai ya maziwa na sufuria ya githeri, mahindi yaliyochemshwa na maharagwe. Wasichana wa mbio walikuja na mama zao. Mimi nilikuwa nimeamriwa nikae ndani, madirisha yamefungwa, lakini nilisikia wakicheka na kuimba kwa mdundo wa fimbo. Baada ya miaka ya kushika masweta sikutaka kukosa. Nikatoka.

Haikuchukua muda. Kifua kilijifunga, nikashika inhela, nikabonyeza. Ikatoka hewa kavu, bila ule uchungu wa dawa ulimini. Nikabonyeza tena. Hakuna. Nilipoinua macho nikakutana na yule msichana mwepesi, ameshika fimbo yake hewani, na nikaona kwamba ameelewa. Akaiangusha fimbo. Hakumwambia mtu neno. Alikata shamba moja kwa moja kuelekea dispensari, akaruka ua, akapotea bondeni.

Nyanya alinikalisha wima, akanifungua vifungo vya shingo, akawanyamazisha watu waliokuwa wakipiga kelele. "Pole pole, mama. Vuta pole pole. Mimi niko hapa." Niliogopa kufa. Siipambi, niliogopa tu, na kilichoniogopesha zaidi ni kwamba mikono ya nyanya, iliyochinja kuku na kukama ng'ombe bila kusita, ilikuwa imening'ang'ania mabega kana kwamba naanguka.

Sista wa dispensari alikuja kwa baiskeli, na mbele ya baiskeli alikuwa yule msichana, anakimbia. Sista alitoa inhela nyingine na chupa tupu ya plastiki ya soda iliyotobolewa tundu kitakoni. Akachomeka inhela kwenye tundu, mdomo wa chupa akautia kinywani mwangu, akabonyeza mara moja, nikapumua mara kadhaa mle ndani. Kisha tena. Kisha tena. Polepole kifua kikalegea, nikasikia jogoo wa jirani, nikajua dunia imerudi.

Hapo ndipo aliposhika ile inhela yangu na kuitikisa. "Mama, hii imeisha. Mtoto amekuwa akivuta hewa bure. Hamkujua?"

"Ilikuwa imejaa," nyanya akasema. "Mimi huipima kila Jumapili. Naitia kwa maji. Ikielea imeisha, ikizama iko sawa. Ilizama."

Sista akatikisa kichwa. "Maji haipimi dawa, mama. Usiwahi kuitia tena, itaziba pale inapotokea. Mnahesabu. Hii ikiwa mpya iko na mia mbili. Na akianza kuihitaji mara kwa mara, hiyo ni dalili kifua hakijatulia, mnamleta kwangu mapema. Kuna ingine ya kuzuia, ya kutumia kila siku." Akanigeukia. "Kuna mtu mwingine ameitumia? Kwa asiye mgonjwa inapiga moyo tu na kutetemesha mikono. Haimpi nguvu."

Wasichana tisa walitazama miguu yao. Mimi nilitikisa kichwa. Hapana.

Nyanya akakaa chini juu ya gunia. "Basi ni mimi," akasema. "Ni mimi na maji yangu. Nimeharibu dawa ya mtoto."

Mwanzoni nilinyamaza kwa sababu sikuwa na pumzi. Baadaye nilikuwa nayo.

Jioni hiyo nyanya alichagua punje mia mbili za mahindi yaliyopurwa siku ileile, nzuri nzuri, akazitia kwenye mkebe wa majani ya chai. Kila nilipovuta mara moja alitoa punje moja akawatupia kuku. Zilipobaki chache tulifunga safari ya kwenda kwa sista. Nyanya hakukosea hesabu hata mara moja. Yule msichana alikimbia mbio za nyika bila kuvuta chochote, akashinda, akaja kuniambia kwa hasira kidogo, "Kumbe ilikuwa inanitetemesha tu." Sasa anaishi nje ya nchi. Tukiongea kwenye simu tunacheka mambo yote isipokuwa hilo.

Nyanya aliishi miaka mingi baadaye. Kila mgeni aliyekuja kuniona, aliambiwa: "Huyu mjukuu nilikaribia kumuua kwa ujinga wangu." Alisema akicheka, mgeni akacheka, nami nikaenda kuangalia chai. Nilikuwa na nafasi elfu za kumwambia. Tukichambua mboga. Tukirudi kanisani. Nilipomaliza chuo na kuja na keki, akakataa kuikata mpaka niketi karibu naye. Kila mara nilisema bado, nikiogopa kwamba ataniangalia tofauti, kana kwamba mwanamke yule angeweza.

Kwa hiyo nilisimama pale kwenye ploti, mwenzangu akiuliza kuhusu maji na umeme. Stoo hakuna, jiko hakuna, na mtu pekee niliyetaka kuzungumza naye amezikwa kwao magharibi. Hata hivyo nilizungumza, kwa sauti ya chini, ili nisionekane mwendawazimu. Dawa niliimaliza mimi, nyanya. Wewe hukuniumiza hata siku moja.