Kangaga la Jabalini

Walimwita Gazeti, na hakuwa msomaji wa magazeti. Kwa miaka thelathini na mitatu kazi yake ilikuwa kukausha mimea ya kabati la kumbukumbu la profesa mmoja: alilaza kangaga kati ya kurasa za gazeti kuukuu, akalibana kwa mbao mbili, akakaza mikanda kwa goti, na kila asubuhi akabadilisha karatasi zilizolowa. Shule aliishia darasa la nne, lakini mwandiko wake kwenye lebo ulikuwa safi kuliko wa maprofesa. Leo chumba kile cha kukaushia ni stoo ya viti vibovu.

Alipokwisha kustaafu, walikuja watu wa kuhesabu upya makangaga ya vilima vya kwao, pamoja na jamaa zake wote wasiotoa maua. Kiongozi wao, daktari wa mimea mwenye umri wa kuwa binti yake, alimchukua awaonyeshe njia. Gazeti akawatazama wakifanya kazi kwa simu: mtu analipiga jani picha kwa juu, huyoo anakwenda zake, ilhali kangaga hutambulikana kwa vidoa vya kahawia vilivyo chini ya jani.

"Mnapiga picha kofia," aliwaambia, "halafu mnauliza mwenye uso ni nani."

Vijana walicheka, ila tangu hapo wakawa wanageuza majani.

Siku ya tisa aina zilifika sabini. Kabati la zamani lilikuwa na sabini na moja. Iliyokosekana ni kangaga dogo lenye jani kama ulimi wa mbuzi, lililowahi kuchumwa mara moja tu, jabalini juu ya chemchemi. Lebo nyingine zote kabatini zilikuwa na jina la profesa kama mchumaji. Ya kangaga hilo peke yake ilikuwa na jina la Gazeti. Daktari akamweleza kwamba kesho ndiyo mwisho, na lisipoonekana litaandikwa kuwa limetoweka. Gazeti akajibu kwamba analijua lilipo kama anavyojua kitanda chake.

Jioni mkewe alimkuta akipaka viatu mafuta.

"Mimi nilidhani hii kazi yako ni mke mwenza tu," alisema, "kumbe ana watoto sabini na mmoja."

Gazeti akamwambia huyo wa mwisho ndiye aliyefanana na baba.

Kesho yake walipanda kilimani. Kwenye jabali Gazeti hakutafuta. Alipeleka mkono moja kwa moja kwenye ufa, kama mtu anayechukua ufunguo juu ya mlango wake mwenyewe. Mkono ulirudi na maji na utelezi wa kijani wa kuvumwani tu. Wakatafuta mpaka jua la utosi. Fomu ya hesabu ilikuwa na nafasi ya kuandika sababu ya kutoweka, na vijana wakaanza kubishana, huyu akisema mbuzi, yule akisema ukame.

Daktari alitoa picha ya karatasi ya kabatini iliyobandikwa kangaga hilo, akaisoma lebo.

"Baba, hapa umeandika karatasi ya kwanza kati ya nne. Siku ile yalikuwepo mangapi?"

Gazeti akamweleza taratibu za kazi. Mmea ulichukuliwa na mizizi yake, maana sampuli bila mzizi ni kitambaa tu. Na karatasi zilikuwa nne kila mara, kila moja na mmea wake: moja ya kabati la hapa, tatu za makabati ya rafiki zake profesa huko mbali. Hakuna aliyepunguza. Udongo wa mizizi aliuosha palepale chemchemini. Alieleza yote hayo vizuri, kisha akalijibu swali.

"Yalikuwa manne," alisema.

Mwenye fomu aliuliza kama aandike ukame. Gazeti akamwomba kalamu. Akaandika mwenyewe, polepole, kwa mwandiko wake safi: Yalichukuliwa yote. Chini akaweka jina lake, herufi zote, na tarehe ya siku ile ya zamani.

Nyumbani mkewe aliuliza kama amelipata.

"Lipo," alisema Gazeti, akivua viatu. "Liko kabatini."