Siku za Kukung'uta Duka

Wiki iliyopita nilimpeleka Mama kliniki, na wakati wa kurudi tukapita kwenye maduka ya karibu na kwetu, hapa mtaani Dixon, Toronto, kununua mkate. Duka la mashuka na mataulo lililoko pembeni limebandikwa makaratasi mekundu kioo kizima: wanafunga, kila kitu kiondoke, bei nusu. Mimi nikiona makaratasi ya namna hiyo miguu huenda yenyewe. Nikamwambia Mama tuingie, angalau tupoze joto, humo ndani kuna kiyoyozi. Mama akayatazama yale makaratasi, kisha akakaa kwenye benchi la nje, juani, jua lenyewe la Julai, akaweka mkoba mapajani.

"Ingia wewe," akasema. "Mimi nakungoja hapa."

Tangu mwaka wetu wa kwanza Toronto, Mama hajaingia katika duka linalomaliza mali. Wanawake wenzake wa msikitini wanadhani anaringa, kwamba ana pesa za kuchezea. Hana. Anasubiri makaratasi yabanduliwe, ndipo anakwenda kununua sufuria ileile kwa bei kamili. Nilijaribu kumweleza binti yangu sababu yake, akaniitikia kwa Kizungu chake bila kuinua macho kwenye simu. Basi kaa wewe nikueleze, maana inaniuma na sitaki kubaki nayo peke yangu.

Mimi nililelewa kwa Bibi, mama yake Mama, katika mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mkonge. Baba alikuwa ametangulia Kanada, mimi na Mama tukawa tunangoja makaratasi yetu yatoke. Mji wenyewe ulikuwa barabara moja tu. Kulikuwa na soko, msikiti, kanisa, kituo cha treni ambacho treni zilikuwa zimeanza kukisahau, na duka la vitambaa. Mwenye duka alikuwa Muhindi aliyezaliwa palepale, na babu yake alizikwa palepale, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mwalimu aliyetufundisha Kiswahili. Barazani kwake alikaa fundi cherehani ambaye hakunyamaza, si yeye wala cherehani yake. Ukipita asubuhi ukimkuta kimya, ulijua mjini kuna msiba.

Kila mwaka kiangazi kikishakolea, masika yakiwa bado kufika, mwenye duka alikung'uta duka. Ndivyo tulivyosema wote, "anakung'uta", na hapakuwa na mtu wa kuuliza nini. Paa lake lilivuja, na alijua kwamba kitambaa kitakachokutwa na mvua rafuni kitaota ukungu, basi heri kiondoke kwa hasara. Yeye na mkewe walitoa majora yote nje barabarani, wakashika mmoja huku na mwingine kule, wakayakung'uta vumbi la mwaka mzima likatuangukia sisi tuliopanga foleni. Tulipiga chafya tukicheka. Halafu bei zilishuka. Kwa siku zile chache kitambaa cha gauni kilikuwa bei ya kutupa, na vipande vilivyobaki mwisho wa jora vilimwagwa juu ya turubai, ujichagulie mwenyewe.

Bibi hakununua kitambaa siku nyingine yoyote ya mwaka. Kwake yeye, mtu anayenunua kitambaa mwezi wa nane ni mtu asiye na akili timamu, na alisema hivyo mbele ya watu wenyewe. Siku ya kukung'uta aliniamsha baada ya sala ya alfajiri, tukafunga maandazi kwenye kitambaa, tukachukua chai ya tangawizi kwenye chupa, tukaenda kushika nafasi barazani. Jirani yetu alikwishafika, siku zote alikwishafika, na Bibi siku zote alimwuliza kama alilala hapo. Mpaka leo nikifungua sanduku la nguo mpya lenye harufu ya wanga na dawa ya nondo, nasikia njaa ya maandazi.

Ungemwona Bibi akinunua! Kitambaa alichokipenda alikishika kwa vidole viwili, kama aliyeokota panya. Alikiinua kwenye mwanga akatafuta matundu. Alilamba kidole akakisugua kuona wanga ulivyo mwingi, akasikitika kwa sauti, akamwuliza mwenye duka kama mkewe anajua anauza vitu vya namna hii. Mwenye duka naye akaapa kwamba Bibi anamfilisi na wanawe watalala njaa. Wanawe walikuwa wanene, wamekaa nyuma ya kaunta wanakula karanga. Ugomvi huo ulichukua nusu ya asubuhi na kila mtu aliusubiri.

Kitambaa kimoja tu hakukigombania. Akimaliza maneno yote na kicheko chote, akiwa amekwisha kujaza kikapu, alisema kwa sauti ya chini, "Na bafta." Mwenye duka alinyamaza. Alishusha lile jora jeupe kwa mikono miwili, akapima kwa yadi, akaongeza mkono mzima juu yake bila kuombwa, kisha akachana. Bafta haikukatwa kwa mkasi. Ilichanwa, na mchano wake ulisikika mpaka kwa fundi barazani, ambaye naye alisimamisha cherehani. Bibi alilipa bei aliyotajiwa. Kwetu sanda haiombiwi kupunguziwa, hata siku ya kukung'uta.

Nisikufiche, hakuna mtoto mjini asiyejua bafta ya Bibi ilikuwa ya nini. Mama yake Bibi alifariki mwaka wa njaa, na nyumbani hapakuwa na kitambaa. Watu wakapitisha sinia nyumba kwa nyumba, huyu akatoa kipande, huyu akatoa shuka, wakaungaunga, wakamzika. Bibi alikuwa msichana mdogo, na ni yeye aliyelibeba sinia lile. Alikumbuka nyumba ipi ilifungua mlango na ipi ilizima taa. Alipokuwa akinisuka alirudia maneno yaleyale, bila huzuni, kwa ukali tu: "Mimi sitapitishiwa sinia." Basi bafta ilikaa chini kabisa ya sanduku lake, na karafuu katikati ya mikunjo. Ikitokea msiba ghafla kwa watu wasio na kitu, Bibi aliitoa akaificha ndani ya kanga yake akaipeleka. Kiangazi kikija alinunua nyingine. Hivyo ndivyo alivyoishi na kifo chake, akikinunulia nguo na kuigawa, na alikuwa mchangamfu kuliko watu wote ninaowajua.

Makaratasi yetu yakatoka. Ilikuwa kipupwe, kiangazi kiko mbali. Usiku wa kufunga mizigo Mama alikuwa na begi moja kubwa na hana cha kuweka ndani yake. Shuka zetu zilikuwa zimechakaa mpaka unaona kidole chako upande wa pili. Bibi akaingia chumbani kwake, akatoka na bafta, ikinuka karafuu. Akasema watoto wa watu hawaendi ugenini kulala kwenye godoro tupu.

Mama alijua kile ni nini. Nilimwona alivyorudisha mikono nyuma. "Mama," akasema, "hii si ndiyo yako?"

"Ninayo nyingine," Bibi akasema. "Funga begi."

Mama akafunga begi. Nami nilikuwepo, nikaona, na nilikuwa mtoto mwenye hamu ya kupanda ndege, sikuwaza lolote zaidi.

Toronto tulipokewa na Baba aliyekuwa amekonda, na nyumba ya ghorofani kwenye moja ya majengo haya marefu ya Dixon, ndege zikipita juu kwa sauti mpaka vikombe vinatikisika. Shuka tulizikuta. Watu wa msikiti walikuwa wameleta shuka, mablanketi na makoti ya kututosha miaka. Ambacho hatukuwa nacho ni mapazia. Jengo la mbele lilitutazama usiku na mchana, na Mama hakuzoea kutazamwa akipika. Siku moja akaitoa bafta, akaipima dirishani, akatia jino kwenye upindo, akachana. Sauti ilikuwa ileile. Nilimwambia, "Kama dukani," naye akacheka, na nakumbuka tulifurahi sana siku ile. Sebule ikawa nyeupe. Theluji ilipoanguka nje, mwanga ulipita kwenye bafta ukawa laini, tukakaa tukila chapati tukajiona tumeshafika.

Kule nyumbani, mwenye duka alifariki mwezi mmoja baada ya sisi kuondoka. Wanawe, wale wa karanga, walikuwa wamekua na kuhamia mji mkubwa, wakaja kuzika, wakafunga milango, wakauza jengo. Haya yote tuliyajua baadaye, kwa mama mdogo, mdogo wake Mama aliyebaki kule. Kiangazi kilipokolea, wanawake walikuja barazani asubuhi na chupa zao za chai kama kila mwaka. Walikaa mpaka jua likawa kali. Fundi cherehani aliwaambia hakuna duka, lakini wengine walisikia kwamba wana wa marehemu watarudi kumalizia mali iliyobaki ndani, wakaja tena kesho yake. Bibi alikuwa mmoja wao.

Mama mdogo alimsihi. Alimwambia katika mji mkubwa bafta ipo, ampe nauli aende akamnunulie. Bibi akakataa. Hatanunua kitambaa kwa bei ya wajinga, akasema, watoto wale watakuja tu kukung'uta, baba yao hakuwalea vibaya. Akangoja. Ukaidi huo ndio niliokuwa nikiupenda nilipokuwa mtoto, ndio uliotuchekesha barazani. Leo nikiufikiria nataka kupiga kelele. Na wakati uleule alipokuwa anangoja, sisi tulikuwa tunamtumia pesa za dawa na sukari, na kila tukipiga simu alituambia hana shida hata moja.

Masika yakaingia. Daraja la kwenda mji mkubwa likakatika kama linavyokatika kila mwaka, Bibi akashikwa na homa ya mapafu, hakukaa nayo siku nyingi. Simu ilitukuta asubuhi, huku theluji chafu ya mwisho ikiyeyuka chini ya dirisha. Mama alipokea akiwa amesimama sebuleni. Mama mdogo alilia kwanza, kisha akaeleza, na sauti yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba nami niliisikia nilipokaa. Walifungua sanduku. Walitoa kila kitu mpaka mbao za chini, wakakuta karafuu tu. Msikitini akiba ya sanda ilikuwa imekwisha, mvua ile iliua wengi. Barabara hakuna.

"Dada," akasema mama mdogo, "tulipitisha sinia."

Mama alikuwa ameligeukia dirisha. Alilitazama pazia muda mrefu mpaka simu ikakatika yenyewe, nami nikalitazama, na hata kwa akili yangu ya utoto nilielewa, nikaogopa kumtazama usoni. Baadaye alipanda kiti akayashusha mapazia yote, akayatia ndani ya begi lilelile. Tukaishi bila pazia mpaka kiangazi cha huku, jengo zima la mbele likituona tunavyolia.

Nikwambie ninachokasirikia? Ninakasirikia kila kitu. Ninawakasirikia wale wana waliofunga duka bila hata kukung'uta mara moja ya mwisho, ilhali nusu yao pengine wako humuhumu Toronto, na pengine nimekwisha kupishana nao kwenye basi. Ninalikasirikia duka lenyewe, maana mama mdogo anasema sasa linauza simu na mitumba, na barazani kumewekwa vyuma mtu asikae. Ninamkasirikia Bibi kwa uongo wake ule mfupi. Watu wa huku wakinisikia nikisimulia kukung'uta duka wanatabasamu, wanasema kumbe utoto wako ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri. Ndiyo maana unauma.

Basi siku ile nilitoka dukani na mataulo, nikamkuta Mama bado kwenye benchi, jasho linamtiririka. Hakuuliza nimenunua nini. Tulipofika nyumbani akaniita chumbani kwake. Akapiga magoti kwa shida, akavuta begi kutoka chini ya kitanda. Sikuwa nimeliona tangu utotoni. Bafta ilikuwa ndani, imefuliwa, imepigwa pasi, jua la dirishani limeifanya manjano pembeni. Pale alipoichana alikuwa amekwisha kuishona kipande kwa kipande, kwa mkono, mshono mdogo sana, ikawa kitambaa kimoja tena. Na karafuu katikati ya mikunjo.

"Siku yangu ikifika, nivisheni hii," akasema. "Wakikataa kwa sababu ya mshono, fumueni."

Nilipitisha kidole juu ya mshono. Akadhani namsikitikia yeye, akanishika mkono.

"Nilimwuliza," akasema. "Si ulinisikia? Nilimwuliza. Ningemwuliza tena angesema kweli."

Nilimwambia nilisikia. Nilimwambia sawa, nitafanya kama anavyotaka, nikamsaidia kuikunja na kuirudisha chini ya kitanda. Nitafanya, sina budi. Lakini bafta ile ilikuwa na mwenyewe.