Chuma Kisilale Mtoni

Kila siku, adhuhuri ikishapita, Tuda huvua kiatu cha kushoto na kukanyaga mchanga wa mto mkavu mahali saba. Saa hiyo mchanga huunguza. Zamani, mahali patatu palikuwa baridi kama tumbo la mtungi, kwa sababu maji yalikuwa yakipanda kutoka chini. Hapo ndipo kijiji chetu kilichimba visima vya mikono, na hapo kando Tuda alipanda majani ya mbuzi wake.

Mhandisi alikuja kutoka mjini, nami mwanafunzi wake, mzaliwa wa hapa, nikimbebea mikoba. Akachomeka fimbo saba za chuma palepale, kila moja ina vipimajoto ndani, toka juu hadi chini. Maji yanayopanda huutuliza mchanga usiku na mchana. Yasipopanda, joto la jua huufuata mchanga hadi chini. Fimbo zikionyesha utulivu, mwenye shamba la matikiti angenyimwa kibali cha kisima cha pampu, kisije kikanyonya maji ya visima vyetu. Tuda aliajiriwa kuzilinda.

"Usiziachie mbuzi," mhandisi alimwambia. "Umeelewa, au nikuchoree?"

"Nimeelewa, Sidi," alijibu, akimwita bwana kwa heshima.

Baada ya miezi miwili nilichora michoro. Joto lilipanda na kushuka kila siku, hadi kipimajoto cha chini kabisa, dalili kwamba maji hayapandi. Kibali kikatoka, pampu ikaja, na kabla ya mavuno ya tende visima vya mikono vilikuwa mashimo ya vumbi.

Nilirudi kuchukua fimbo. Jua lilikuwa linazama, na Tuda alikuwa anazing'oa moja moja na kuzilaza juu ya jiwe.

"Umekuja wakati mzuri, binti," alisema. "Mwenye maji, jini wa mto, hukimbia chuma usiku. Nazitoa magharibi, nazirudisha alfajiri. Sijakosa hata siku moja."

Nilimweleza kile ambacho fimbo zilikuwa zimepima kila usiku: hewa baridi ya jangwani. Nilisema polepole, lakini Zayd, shemeji yake, alikuwa nyuma yetu na punda.

"Kumbe ni wewe!" alisema. "Tunakulisha kwa huruma, mjane, na wewe unatukausha!"

"Mama yako ndiye aliyenifundisha, Zayd. Chuma kisilale mtoni."

"Mama kafa. Wewe upo."

Nilimpigia simu mhandisi. Alicheka. "Kibali kimeshatoka. Mwambie ale hizo fimbo."

Asubuhi wanawake walikuwa wametundika misumari yenye kutu mlangoni kwake. Sasa wanamwita Mama Misumari, hata msikitini, hata anapoomba chumvi. Mbuzi wamekwenda sokoni, wote, na Zayd ndiye aliyewaswaga.

Jana adhuhuri nilimkuta mtoni, kiatu mkononi, mguu juu ya mchanga. Unyayo wake ulikuwa na malengelenge.

"Lalla Tuda, unatafuta nini?"

"Baridi," alisema. "Haipo."