Niliandika Uongo kwa Jina la Binti Yangu

Mnitukane mkitaka, niko tayari. Lakini kwanza mnisikize mpaka mwisho. Mimi ndiye nilimfukuzisha mtoto wangu shule. Si mwalimu, si bodi. Ni mimi mama yake, na vidole vyangu hivi.

Na nianze na jambo ambalo pengine halimfai mtu anayetubu: yule naibu wa mwalimu mkuu bado namchukia. Nikimwona akipita mjini na kale kamkoba kake, damu inanichemka. Sitaki kuwaficha hilo. Nimeshadanganya ya kutosha.

Mimi nauza nafaka sokoni Machakos. Mahindi, maharagwe, ndengu, na mbaazi ambazo sisi tunaita nzuu. Nyumbani ni Kalama. Msichana wangu, nitamwita Mueni ingawa si jina lake, alikuwa kidato cha tatu kwa shule ya kutwa karibu na kwetu. Chakula cha mchana anakula huko, jioni anarudi. Simu nyumbani ni moja, yangu, na ukurasa wake wa mtandao uko humo humo. Kila jioni ananiambia, "Mwaitu, nisaidie na simu kidogo." Anaweka video zake, ananirudishia. Mwaitu ni mama, kwa Kikamba.

Muhula wa pili, maharagwe ya shule yakaanza kuja na wadudu. Si mmoja, si wawili. Watoto walimwambia mwalimu wa zamu, akawaambia wawatoe kando waendelee kula. Wakamwambia naibu, akasema anayetaka kuchagua chakula aende hoteli.

Basi siku moja Mueni akatia chakula chake kwa mkebe wa jometri, akaja nacho nyumbani. Akakimwaga kwa sahani nyeupe, akachukua video na simu yangu. Hakutukana mtu. Hakutaja jina la mwalimu. Alisema tu, "Hii ndiyo tulikula leo shuleni. Tunaomba tubadilishiwe." Akawaonyesha wale wadudu na kijiko, pole pole, hata mimi nikashangaa vile ametulia.

Wueh! Ile video ilitembea. Wateja walikuja kwa kibanda changu na simu mkononi wakiniuliza, "Mama Mueni, huyu si wako?" Nami nilijibu ndio kwa sauti kubwa, maana nilijivunia.

Siku iliyofuata akaambiwa asikanyage shule bila mzazi. Nikaenda vile nilikuwa, nimetoka sokoni, leso kiunoni, viatu vyote vumbi. Naibu akaanza kuniambia mtoto ameharibia shule jina. Nikamwambia, "Mwalimu, mimi maharagwe ndiyo kazi yangu. Hayo mliwapa watoto, hata kuku wangu siwezi kuwamwagia."

Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwa viatu. "Ahaa," akasema. "Nilikuwa nashangaa huyu msichana alitoa wapi huo mdomo. Kumbe ni wa sokoni."

Walimu wawili waliokuwa hapo wakacheka. Mueni akaangalia chini.

Aki ya Mungu, kofi ningesahau. Hiyo sikusahau. Nilitoka kwa hiyo ofisi nikiapa kwamba yule mwanamke atalia, na atalia nikiona.

Sasa sikizeni vile mambo yalikuwa yametuendea vizuri. Mueni alirudishwa nyumbani angoje bodi ya shule imwamulie. Mwenyekiti wa bodi ni mzee mmoja mstaafu, mtu wa haki. Yeye mwenyewe alienda jikoni, akafungua magunia, akaona. Akanipigia simu. "Mama Mueni, mtoto alisema ukweli. Hakubeba simu shuleni, hakumtusi mtu. Tukikutana wiki ijayo atarudi darasani. Nyinyi mtulie tu."

Kutulia! Si ningetulia? Lakini mimi sikutaka tu mtoto arudi. Nilitaka wale waliocheka wamcheke naibu wao.

Mchana mmoja sokoni hakukuwa na wateja. Nikafungua simu, nikakuta ukurasa wa Mueni, watu wakiuliza ile maneno iliishia wapi. Nikakaa juu ya gunia la ndengu nikaandika, nikijifanya ni yeye: "Naibu wetu ndiye anauza maharagwe mazuri ya shule sokoni Machakos, sisi tunaachiwa wadudu. Mama yangu anauza huko na amemwona na macho yake."

Uongo mtupu! Sijawahi kumwona huyo mwalimu na hata kilo moja ya maharagwe. Lakini nilijua wataamini, kwa sababu ile video ilikuwa ya kweli na mtoto alishaaminika. Nilihesabu hivyo kabisa, msidhani nilipitiwa.

Na nilifurahi, jamani! Matusi yalianza kumiminika. Mmoja anaita naibu mwizi, mwingine anataka afungwe, mwingine anauliza watoto wake wanakula nini. Nasoma nikicheka peke yangu mpaka jirani yangu wa viazi akaniuliza kama nimeposwa. Huo utamu sikuwa nimeuonja tangu nizaliwe.

Jioni, kabla ya kumpa Mueni simu, nikafuta. Nilidhani ukifuta kitu kimeisha. Kumbe watu walishapiga skrinshoti zamani.

Siku ya bodi tukaingia mimi na Mueni, sare yake amepiga pasi, vitabu amebeba, akijua anatoka hapo akienda darasani. Mwenyekiti hakutusalimia. Naibu alikuwa amekaa pembeni, macho yamevimba. Alikuwa amelia kweli. Mtoto wake mdogo alikuwa ameitwa mtoto wa mwizi shuleni kwao, na yeye naibu alikuwa amesema anaenda polisi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwangalia nikajiambia, bado haitoshi.

Mwenyekiti akamsukumia Mueni karatasi waliyochapisha ile skrinshoti. "Video yako tulikubali. Hii nayo ni nini? Ukiwa na ushahidi, toa. Kama huna, tuambie ni nani aliandika."

Mtoto akasoma. Ndiyo mara yake ya kwanza kuiona. Akafika mwisho, akarudia. Simu yetu inashikwa na watu wawili pekee, na yeye anajijua. Akageuka akaniangalia. Hakuniangalia na hasira. Alikuwa ananingoja.

Ningesema hapo hapo. Mdomo ambao naibu aliutukana ulikuwa wapi? Niliogopa polisi, ndio, lakini si polisi walionifunga ulimi. Nilitupa macho kwa naibu nikamkuta ananitazama, nikaona hata huyu amejua ni mimi, anangoja tu nianguke mbele yake. Nikasema moyoni, hutanicheka mara ya pili. Nikanyamaza.

"Ni mimi," Mueni akasema.

Wakamwambia apige magoti aombe msamaha. Akapiga. Msichana mkubwa vile, na sare yake safi, anamwomba naibu msamaha kwa uongo ambao si wake, na mimi nimekaa kwa kiti nimeshika mkoba. Nilikuwa nataka kumwona naibu akilia. Nikaona mtoto wangu.

Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Sasa hata yale ya wadudu watu wanasema ulipanga," akasema. Wakakubaliana naibu asiende polisi, na Mueni atafutiwe shule nyingine. Maharagwe ya shule hayakuzungumzwa tena. Wenzake wanakula vile vile mpaka leo.

Tulitembea mpaka nyumbani. Kwa mlango akaniuliza, "Mwaitu, ulikuwa unangoja nini?" Akachukua simu kwa mkoba wangu. Akaingia, akafuta ule ukurasa wake wote, na hajaniomba simu tena.

Nilimpeleka kwa dada yangu anayekaa Kinanie, akapata shule huko. Juzi, katikati ya muhula, alikuja nyumbani. Nikampa chai, nikaona anashika kikombe na vidole viwili tu. Nikamshika mkono. Ai, ulikuwa umefura, una mistari! Mwalimu wa huko huwachapa na mpira wa maji, na kuchapa watoto si sheria.

Mimi huyo nikasimama! Nikatafuta viatu. Nikamwambia leta simu, piga picha, tuweke wote waone, tutamwanika huyo mwalimu, atajua mimi ni nani!

Mueni akavuta mkono wake. "Wewe ndiye nani, Mwaitu?" akasema, bila kupandisha sauti. "Mimi nikisema nachapwa, nani ataniamini? Mimi ni yule msichana wa uongo wa maharagwe. Nitavumilia nimalize shule." Akamaliza chai yake, akaenda kulala mapema.

Mzazi mwenzangu, mtoto wako akisema ukweli, mwachie huo ukweli vile alivyousema. Usiuongezee hasira zako. Na ukishakosea, usingoje kufika nyumbani. Sema ni wewe, hapo hapo, mbele ya huyo unayemchukia, hata kama atacheka mpaka meno ya nyuma yaonekane. Mimi nilikataa kuchekwa na naibu. Leo kuna mtu anamchapa mtoto wangu, na huyo mtu hana wasiwasi, kwa sababu mimi nilishamhakikishia kwamba mtoto atanyamaza.