Mutoto Mupole wa Matangani

Tantine Virginie, mdogo wake maman, anaishi na sisi hapa Nguba, mtaa wa Bukavu, na kazi yake ni kusikiliza watoto wachanga wanavyopumua. Nilivyowaeleza hivyo wenzangu darasani, walicheka. Lakini ni kweli. Yeye ni muuguzi katika utafiti mmoja, nyumbani tunauita tu étude, wa watoto ambao hawajafikisha miezi miwili na wameshikwa na maambukizi makali. Mtoto wa namna hiyo inafaa alazwe hospitali. Ila kuna familia zinazokataa kabisa. Basi étude inauliza: huyo ambaye familia imekataa alazwe, akichomwa sindano kila siku kwenye centre ya afya ya mtaa, wiki nzima, atapona?

Mimi huuliza sana maswali. Siku moja nilimuuliza ni mtoto gani anayemtia woga zaidi. Nilidhani atasema yule anayelia mpaka anakauka sauti.

"Ule analia haniogopeshe," akasema, huku anamenya viazi. "Kama analia, iko na nguvu. Mwenye kunyamaza, ule ndiye ananiogopesha."

"Kumbe kule unatafutaka makelele," maman akamwambia, "na hapa nyumbani unatukataza redio."

Tantine akacheka kwa mabega, bila sauti, kama kawaida yake ya wakati ule.

Muda si mrefu baada ya hapo akampata Bintu. Alikuwa mama kijana, mke wa fundi seremala anayeitwa Grégoire, na mtoto wao wa kwanza alipewa jina la babu yake wa Katana: Zagabe. Mtoto alikuwa na homa na ameacha kunyonya. Tantine na docteur Déogratias, anayeongoza étude, waliwasihi waende hospitali. Grégoire akakataa. Dada yake aliwahi kumlaza mtoto, akarudi nyumbani na kitenge tu. Basi wakaingia katika étude, na sindano zikaanza.

Siku ya tatu Zagabe alinyonya. Homa ilikuwa imeshuka.

"Anaendelea vizuri," tantine akamwambia Bintu. "Lakini kesho usikose."

Kesho yake Bintu hakuonekana. Tantine akapiga simu. Aliyepokea ni Grégoire, na nyuma yake watu walikuwa wanaimba nyimbo za kanisa. Baba yake amefariki kijijini Katana, wameshafika huko.

"Maman Virginie, utusamehe. Papa amekufa bila kuona mutoto wa jina lake. Ningemuzika namna gani mutoto haiko? Na weye mwenyewe ulisema anaendelea vizuri."

Mimi ningemfokea. Yeye hakumfokea, kwa sababu alijua: mjukuu mwenye jina la marehemu asipoletwa, ukoo utamsema mama yake mpaka azeeke. Alimpigia docteur, docteur akamwambia aende, na akiona alama moja tu ya hatari asingoje kuchoma sindano, ampeleke hospitali palepale. Akapanda taxi-bus.

Haya yaliyotokea Katana alinisimulia kidogo kidogo, si siku moja.

Nyumba ilijaa wanawake kwenye mikeka. Mtu akifika matangani haanzi na shida zake. Unalia kidogo, unamshika mjane mkono, unakaa, kisha unangoja uulizwe habari. Tantine akafanya hivyo. Akakaa. Zagabe alikuwa anapita mikononi mwa mashangazi, kila mmoja anamsifu.

"Muangalie huyu. Tangu asubui halie hata kidogo."

"Anajua tuko mu matanga. Anaheshimu mukubwa wake."

"Ni muzee mwenyewe amerudia. Alikuwaka mupole vilevile."

Bintu alikuwa kwenye kona, mke mgeni anayesifiwa mbele ya ukoo mzima. Alikuwa anatabasamu.

Tantine akainuka. "Munipe mutoto."

"Maman, ikala chini kwanza," mama mkwe wa Bintu akasema. "Hata chai haujakunywa."

"Munipe."

Alipompokea, mkono wa mtoto ulining'inia kama kitambaa. Kifua kilikuwa kinazama chini ya mbavu kwa kila pumzi. Akamkuna wayo; hakufungua macho.

"Bintu, amenyonya wakati gani?"

"Alilala," Bintu akasema. "Nikasema nisimusumbue."

Grégoire, yuleyule aliyekataa hospitali, ndiye aliyembeba na kukimbia naye mpaka hospitali. Walimpokea upesi, wakamwekea oksijeni na serum ya mshipani. Zagabe akafa kabla ya jioni. Walimzika kando ya babu yake.

Mama mkwe alimwambia tantine, wala si kwa ukali: "Sisi tulimubeba siku yote. Weye ulimushika mara moja, na amekufa." Bintu hakulaumu mtu. Alisema tu, "Mie nilifurahi vile alikuwa ananyamaza."

Tantine aliporudi Bukavu alimuomba docteur wamtoe Zagabe katika hesabu ya étude. Dawa ilikuwa inafanya kazi, akasema, ni safari ndiyo iliyoharibu.

"Hapana, Virginie," docteur akamjibu. "Tunauliza kama dawa hii inaweza kuponya watoto wa hapa. Na batu ba hapa banazikaka baba zao. Atabaki ndani, upande wa wale hatukuwaponya."

Sasa, kabla ya sindano ya kwanza, tantine anauliza swali ambalo zamani halikuwapo: nani anaumwa kule kijijini kwenu? Na neno lile, anaendelea vizuri, halisemi tena. Nilimuuliza anasema nini badala yake. Akaniambia anasema tu, tuonane kesho.

Juzi mama mmoja wa hapa mtaani alikasirika kuulizwa vile. "Unatuitia kifo?" akasema, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda zake. Hajarudi. Kila asubuhi, kabla ya kufika kazini, tantine anapitia kwanza kwa yule mama. Habishi hodi. Anasimama nje, anasikiliza kama kuna anayelia.