Siku Nilipomsemea Poni

Siku moja naikumbuka kuliko zote nilizokaa chuoni, mwanangu. Kwa kuwa wenzako wamekuchagua uwaongoze wanafunzi Waislamu hapo chuoni kwenu, nimeona nikusimulie kabla hujashika kipaza sauti. Si hadithi ya kujisifu. Ni aibu yangu mwenyewe, lakini Mungu aliimaliza vizuri, ndiyo maana leo naweza kuitamka bila kuinamisha macho.

Nilikuwa nimerudi Juba kutoka Kibera, Nairobi, nilikolelewa wakati wa ukimbizi. Hapa nikajikuta Mwislamu katikati ya Wakristo wengi. Darasani kwetu, tulikosomea ualimu, Waislamu tulikuwa wanne tu. Tukaunda umoja wetu, mimi nikawa katibu, tukapewa chumba cha kusalia nyuma ya stoo ya vitabu. Mwaka wa pili tukapanga wiki ya kuutambulisha Uislamu, Jumatatu hadi Alhamisi: vijitabu mezani, mhadhara jioni, maswali na majibu. Wazee wa msikiti wa mjini wakatuazima viti na kipaza sauti, wakasema siku ya mwisho watakuja kuona matunda.

Hilo neno "matunda", mwanangu, ndilo lililonipoteza.

Jumatatu walikuja watu saba. Jumanne ikanyesha mvua. Jumatano kwaya ya kanisa ilifanya mazoezi ng'ambo ya uwanja, na unajua watu wetu wakisikia ngoma miguu haiulizi ruhusa. Mtu mmoja tu hakukosa hata siku moja: Poni, mwenzangu wa darasani, mtu wa kabila la Wabari kutoka kijiji cha Rejaf, binti wa katekista. Alikuja kwa sababu alinipenda, na kwa sababu alikuwa mtu wa kutaka kujua. Mbona mnafunga mchana kutwa? Mbona mnaosha miguu? Nabii Isa mnamsema vipi? Nami nikamjibu, naye akasikiliza, kisha siku moja akasema, "Napenda mnavyosimama kusali, tajiri na maskini bega kwa bega." Basi. Hakusema zaidi ya hapo.

Alhamisi jioni wazee wakafika. Uwanja ulikuwa umejaa, maana tulitangaza kwamba kutakuwa na soda. Poni aliketi mstari wa tatu, amejitanda kitambaa kichwani kwa heshima tu, kama vile mimi ningevua viatu nikiingia nyumbani kwao. Mwenyekiti wetu akanipa kipaza sauti niwashukuru wageni. Nikawatazama wale wazee waliokuja kuona matunda, nikamtazama Poni, na ulimi ukaitangulia akili. Nikasema, "Ndugu zangu, kazi yetu haikupotea bure. Dada yetu Poni yule pale moyo wake umefunguka. Ijumaa ya wiki ijayo atatamka shahada mbele yenu."

Watu wakapiga takbira. Simu zikainuliwa, picha zikapigwa. Mimi nikatabasamu, mwanangu. Nakuambia ukweli ili ujue shetani anavyoweza kumkalia mtu akadhani ni baraka: nilitabasamu.

Poni hakupiga kelele. Alisimama, akavua kile kitambaa, akakikunja vizuri, akakiweka kitini, akaondoka. Wachache tu waliomwona. Nikajiambia ameona haya, kesho atakuwa sawa.

Kesho yake hakuja darasani. Wala Jumatatu. Picha ilikuwa imeshamtangulia Rejaf. Binamu yake mmoja aliipata kwenye simu akaipeleka kwa baba yake Poni. Jumatatu hiyo msichana mwingine wa Rejaf akaniambia kwamba baba yake Poni amesema masomo yamekwisha, binti akae nyumbani alime mihogo. Mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa umebakiza mwezi mmoja tu.

Waliosema ulimi hauna mfupa walisema nusu. Hauna mfupa, lakini unavunja mifupa ya wengine.

Nilikwenda kwa Haboba Kaltuma. Haboba ndivyo tunavyomwita bibi hapa Juba, na huyu alikuwa bibi wa sisi wanafunzi wote. Aliuza samaki wakavu pale bandarini kando ya mto, tishali za mizigo zinapofunga gati zikitoka kaskazini, na mwezi wa Ramadhani alitupikia futari bila kuombwa. Yeye Mwislamu, kaka yake mzee wa kanisa, na Krismasi na Idi nyumba yao ilikuwa moja. Nilimkuta akipanga samaki kwenye gunia. Nikamweleza mambo yote, nikitumaini ataniambia kwamba ni mtihani wa wenye kuitetea dini.

Aliendelea kupanga samaki wake. Kisha akauliza, "Ya biti, binti yangu, huyo Poni alisema kwa mdomo yake anataka kusilimu?"

"Hapana, Haboba. Lakini aliuliza maswali mengi sana."

"Hata hapa watu iko nauliza samaki bei gani, asubuhi mpaka jioni. Wote wamenunua?"

Nikaokota samaki mmoja nikampa.

"Wewe hukumwita huyu mtoto kwa Mungu," akasema. "Wewe umemwita kwa wale wazee, wakuone wewe hodari. Na Mungu hana haja na uongo yako. Dini yake ilikuwa hapa kabla ya wewe kuzaliwa."

Nililia, mwanangu, katikati ya soko, wapagazi wakipita na magunia. Haboba alinipa pembe ya kitenge chake nijifute. Hakunibembeleza. Alisema tu, "Kesho asubuhi twende Rejaf. Mimi sitasema kitu. Kinywa ile ilivunja ndiyo itatengeneza."

Tulikwenda kwa bodaboda moja, yeye katikati, mimi nyuma, na vumbi la barabara lote juu yetu. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa kupigwa, na zaidi ya yote niliogopa kuyaona macho ya Poni.

Baba yake, Mzee Wani, alikuwa uani akitengeneza mpini wa jembe. Mtu mrefu, mkimya, aliyekaa Uganda miaka mingi na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Alitupatia viti. Hata mwenye hasira, mwanangu, katika nchi hii humpa mgeni kiti kwanza. Poni alitokea mlangoni akasimama, hakusogea.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi mazuri. Yote yakanikimbia. Nikasema, "Baba, mimi ndiye niliyesema lile neno. Poni hakuniambia kamwe kwamba anataka kuacha dini yake. Nilidanganya ili nionekane."

Mzee Wani akaweka mpini chini. Akawafukuza kuku waliokuwa wakichakura miguuni pake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mtoto yangu hakunidanganya?"

"Hakukudanganya, Baba."

Akageukia mlangoni. "Mimi iko na msichana moja tu," akasema. "Siku nne ananiambia, baba, sikusema. Siku nne mimi naangalia picha, nasema wewe mwongo. Nimeamini simu, sikuamini mtoto." Akamwita kwa Kibari, na Poni akaja, na yule mzee akamshika kichwa kwa mikono yote miwili kama anayembariki. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimevunja. Nilidhani nimeharibu masomo yake tu, kumbe nilikuwa nimeingia kati ya baba na mwanawe.

Mama yake Poni akaleta maji ya kunywa. Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini Mzee Wani akanigeukia tena: "Ile kalam, ile maneno ulisema na kipaza sauti, watu mingi wakasikia. Sasa hii ya leo, nani amesikia? Mimi, mke yangu na hii kuku?"

Haboba akacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi iliyofuata niliwaita tena wanafunzi na wazee, nikasimama mahali pale pale. Wenzangu wengine walinikataza. Mwenyekiti aliniambia nitauaibisha Uislamu mbele ya Wakristo. Nikamjibu kwamba nimeshauaibisha, sasa nausafisha. Nikasema mbele ya wote kwamba nilimzulia Poni, kwamba yeye ni Mkristo aliyekuja kutusikiliza kwa wema, na kwamba mwenye ile picha aifute. Nilipomaliza, kijana mmoja wa kwaya akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Mzee mmoja wa msikiti, miongoni mwa wale waliokuja kuona matunda, alinisogelea akasema, "Leo ndiyo umetoa mhadhara, binti yangu." Nililala usiku ule kama mtoto mchanga.

Poni alirudi, akafanya mtihani, akafaulu kuliko mimi. Lakini usidhani msamaha huja mbio kwa sababu umeuomba. Wiki tatu alikaa upande mwingine wa darasa. Nami sikumsukuma. Asubuhi moja nikasikia mtu amesimama pembeni yangu na vitabu vyake, akasema, "Sogea." Nikasogea. Mwanangu, hakuna neno lililowahi kunipunguzia mzigo kama hilo.

Hakusilimu, kama unataka kujua. Leo ni mwalimu mkuu, anaimba kwaya, na wanangu wa kuzaa wanamwita mama mdogo. Waliosilimu chuoni kwetu miaka ile walikuwa wawili, na wote walikuja wenyewe, kwa miguu yao, baada ya kusikia nimekiri. Mmoja wao alisema alitaka kuijua dini inayomfanya mtu akiri kosa mbele ya umati.

Basi hili ndilo ninalotaka ulibebe. Waite watu, mwanangu, usione haya kuwaita. Weka meza yako, mimina chai, jibu unalolijua na usilolijua sema sijui. Lakini anayekuuliza swali hajakupa moyo wake, amekukopesha sikio tu, na sikio la kuazima hulitunzi kwa kulitangaza. Usihesabu watu kama samaki wa gunia. Usiseme kwa niaba ya mtu neno ambalo yeye hajalisema, hasa neno lililo kati yake na Mola wake. Na ukikosea, maana utakosea, usichelewe: kosa la hadharani liungame hadharani, na la mtu mmoja mwendee huyo huyo nyumbani kwake. Mficha uchi hazai, na kiongozi anayeficha kosa lake hazai kitu.

Nenda basi, na Mungu akulainishie ulimi na kuupa uzito pale unapotaka kuteleza. Akupe marafiki wa dini yako na wa dini nyingine watakaokuambia ukweli, na kila mlango utakaouacha nyuma yako, uuache wazi. Amina.