Kifundo cha Kaniki Mgongoni

Mimi sikoromi. Hilo nimelisema tangu mwaka niliooa, na pale nyumbani kwetu Mji wa Kale hapakuwa na shahidi wa kunipinga isipokuwa mke wangu. Sasa mtu aliyelala hajisikii. Kila atakachoambiwa akiamka akubali tu? Mimi nikimwambia yeye kwamba usingizini huimba, atakubali?

Kusoma sikusoma. Shule niliishia darasa la tatu, chuoni kwa Kurani nikatoka na juzuu mbili, na moja katika hizo nimeshaisahau. Maisha yangu nimeyamaliza Marikiti nikiuza vitunguu. Na ukiuza vitunguu muda wote huo unajifunza jambo moja, ambalo limenifaa na limeniponza: gunia likipendeza sana juu, tia mkono mpaka chini. Wale wauzaji wa jumla walikuwa wakipanga vizuri juu, vinang'aa kama vimepakwa mafuta, chini huko maji matupu. Wakati mmoja niliuziwa gunia ambalo... lakini hilo tuliache, maana nikilianza sitafika kwenye mgongo wangu.

Kisa chenyewe ni cha kailula. Sisi tukishaswali adhuhuri na kula, hulala kidogo mpaka karibu na alasiri. Tangu niache kwenda sokoni kailula yangu imekuwa ndefu, na tumbo nalo limekuja mbele. Na nyumba zetu zile zimeshikana. Upande wa pili wa ukuta amepanga bwana mmoja wa bara, mtu wa kanisani, mpole, afanya kazi ya usiku bandarini, kwa hivyo mchana ndio usiku wake. Siku moja akanikuta mlangoni.

"Mzee, shikamoo. Samahani, kwenu kuna mashine?"

"Marahaba. Mashine gani?"

"Kama ya kusaga. Huanza saa nane hivi."

Nikamwambia ni pampu ya maji ya nyumba ya nyuma. Akaitikia, lakini akanitazama kidogo. Mimi nami nikakumbuka kwamba jana yake nilimwona mke wangu akimpelekea mahamri. Mahamri ya bure, kesho yake swali la mashine! Nikajua huyu katumwa.

Mke wangu alikuwa ameshanijaribia kila dawa. Alinifunika shuka nivute mvuke wa majani ya mkaratusi, nikatoka macho mekundu kama nimefiwa. Akaninywesha mafuta ya habasoda. Akaniondolea mto, kisha akaniongezea mito miwili. Akaninyima sahani ya pili ya biriani, na hapo ndipo nilipoanza kuona kuna jambo, kwani pua na biriani vina ujamaa gani?

"Lala ubavu wa kulia, bwana weye," aliniambia. "Ni suna, na sauti hupungua. Ukilala chali ndipo unapoanza."

"Naanza nini?"

"Wajua wewe."

Nikalala ubavu wa kulia, kweli. Lakini mwili ukishalala hauna adabu, nikaamka chali kila siku. Mwisho alichukua mkeka wake akahamia chumba cha nyuma, akasema neno ambalo sikulipenda: "Mimi presha inapanda kwa kukosa usingizi. Ikiendelea hivi nakwenda kwa binti yetu Bondeni, nikakae huko." Hakusema kwa hasira. Angelisema kwa hasira ningelala vizuri.

Alikaa chumba cha nyuma mwezi mzima. Kisha siku moja, bila kuitwa, akarudi kitandani. Ameniwekea kikoi na fulana ya kulalia iliyofuliwa ikanukia udi, na anacheka. Hakuna mvuke, hakuna habasoda, hakuna suna. Mke aliyelalamika tangu Ramadhani akanyamaza ghafla! Yakhe, niliogopa. Lile lilikuwa gunia zuri juu.

Siku zilezile mgongo ukaanza kunidunga. Kila nikigeuka chali, katikati ya mabega kitu kinanichoma, narudi ubavuni. Nikadhani jipu. Nikajipapasa, mkono haufiki. Mpaka siku moja nilipoivua ile fulana kabla ya kuoga nikaona kwa ndani pameshonwa kifundo cha kaniki, cheusi, kigumu, uzi umezungushwa mara nyingi, mshono wa mtu aliyekusudia.

Nilikaa juu ya kitanda na fulana mapajani. Kitambaa cheusi, kimeshonwa kwa siri, mgongoni pa mtu asipoweza kujiona. Mtu wa kwetu akiona hivyo atafikiri nini? Nikafikiri hirizi. Nikaanza kupiga hesabu: kanilegeza ili nikubali nini? Kuhamia Bondeni? Jana nilikubali kucheleweshewa chai bila kusema kitu. Juzi nilikubali mbaazi bila nazi. Nikaona kweli, nimeshalegea.

Sikumuuliza. Nikaikunja fulana ndani ya gazeti, nikaenda Bondeni kwa maalim mmoja ninayemjua tangu ujana. Akauchana ule uzi kwa wembe, polepole, mimi nimerudi nyuma hatua mbili. Zikaanguka mkekani popoo mbili, zile kokwa anazotafuna mke wangu pamoja na tambuu. Akapekua, hakuna karatasi, hakuna maandishi.

"Popoo," akasema maalim.

"Labda zimesomewa."

"Popoo zisomewe nini, mzee wangu? Aliyeshona nani?"

"Nyumbani."

Akanitazama. "Wewe wakoroma?"

"Sikoromi."

"Basi jinyooshe hapo upumzike, alasiri bado."

Nilikuwa nimechoka kwa jua na kwa fikira, nikajinyoosha. Nilipozinduka maalim alikuwa amenishika mabega ananitikisa, uso umembadilika.

"Unasikia? Ulikuwa wavuma mpaka madirisha yalia. Hilo si neno. Kisha ukanyamaza, pumzi hakuna. Nikangoja, hakuna. Nimekuja mbio."

Wallahi jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba mke wangu kampigia simu. Lakini nilikuwa nimeshaamka naye bado hajaniachia mabega, na mtu aliyetumwa hashiki vile.

Nilirudi nyumbani na popoo mfukoni. Mke wangu alikuwa jikoni. Nikaiweka fulana mbele yake, imechanika. Akaiangalia, akaniangalia.

"Umeipeleka kwa nani?"

"Kwa maalim."

"Ukamwambia mkeo mchawi?"

"Sikusema hivyo."

"Ulisema nini?"

Nikazitoa popoo mfukoni, nikaziweka juu ya fulana. Akaepua sufuria, akaketi kigodani.

"Ningekwambia ungeikubali? Umebisha maisha yako yote. Binti yetu ndiye aliyeambiwa hospitali, mtu akichomwa mgongo halali chali. Kule chumba cha nyuma nilikuwa nasikia wavuma, kisha kimya. Sasa mimi nitajuaje kimya kile umegeuka au umekufa? Nikarudi, niwe naweza kukugusa." Akapangusa mikono. "Na wewe wanipeleka kwa maalim. Kesho nakwenda Bondeni."

Nikamwomba aishone tena. Akasema, "Shona mwenyewe."

Sijapata kushika sindano. Nilikaa barazani nikajidunga vidole, yule bwana wa bara akapita akaniamkia wala hakuuliza kitu, na nikamwambia mwenyewe kwamba ile si pampu. Nilipomaliza kifundo kilikuwa kimekwenda upande, karibu na kwapa. Nikampelekea mke wangu, nikamwambia na hospitali nitakwenda, wanipime hizo pumzi.

Akaipokea, akaingia nayo chumba cha nyuma. Lakini asubuhi mkoba wake wa safari ulikuwa bado juu ya kabati, na fulana imefumuliwa, kifundo kimerudi katikati.

Hospitali tulikwenda pamoja. Wamenambia nipunguze tumbo, na kuna kipimo nangojea. Mchana ule nililala ubavu wa kulia, nikaacha jicho moja wazi kidogo, nione kama yuwalala kweli au ajisingizia. Nikalikuta lake wazi, lanitazama.